Moto Usiopika Kitu

Discovery Gardens, Dubai
9 Novemba 2014

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa kibarazani na si umelazwa ndani, maana Frida binti yako ameniambia goti lako limeanza tena maneno yake. Mimi mzima. Nakula, nalala, na kile kikohozi cha vumbi nilichokulilia kimeondoka chenyewe bila kuaga. Frida ananigombeza eti nipige simu. Nikamjibu, mama simu anaipandia mlima kutafuta mtandao, akifika juu pumzi imekwisha, anasema "haloo" anashuka. Bora karatasi, utaisoma ukiwa na pumzi zako.

Najua umeruka mistari hii yote unatafuta kama bado niko kwenye kazi ile ile. Siko, mama. Usigune. Ulinzi nimeuacha. Kushinda mlangoni ukiwafungulia watu wanaokwenda mahali, na wewe huendi popote, hiyo kazi ingenitia wazimu. Miguu ilikuwa inaniwasha kama nimekanyaga upupu. Kafeel wa zamani, yule mdhamini wangu wa kazi, alikubali kuniachia, na sasa niko kwenye ghala la vitu vya bustani. Tunauza viti, miavuli, vyungu vya maua, na tunavipeleka majumbani kwa watu.

Sasa sikia. Wiki iliyopita tulifungua kontena kutoka Meksiko. Tukaondoa mbao, tukaondoa nyasi kavu, na ndani, mama, ulikuwemo udongo. Udongo uliofinyangwa na kuchomwa, mwekundu kama wa kwetu. Ni jiko la kuweka nje bustanini. Lina tumbo la mviringo kama mtungi wa pombe, halafu shingo inapanda juu kama bomba. Mdomo hauko juu, umetobolewa mbele, tumboni. Unatia kuni pale tumboni, moshi unatokea shingoni. Linakaa juu ya kigoda cha chuma. Kwenye makaratasi wameliita chimenea. Shem, Mkenya ninayefanya naye kazi, alilizunguka akasema, "Buda, hii kitu iko na mimba." Tangu hapo sote tunaliita Mjamzito.

Nilipitisha mkono ndani nikakuta alama ya dole gumba la mtu. Nilisimama hapo nimeweka gumba langu kwenye gumba lake mpaka arbab, bosi wetu, akapiga kelele, "Yalla, yalla!"

Utacheka kusikia kuwa jangwani watu wananunua moto. Lakini mwezi huu joto linapungua, na wenye bustani wanatoka kukaa nje jioni. Nakutumia picha. Shem aliipiga nyumbani kwa mteja wetu, Madam Sheikha, siku tulipompelekea. Mimi ndiye yule nyuma, karibu na ukuta. Nimeisafishia mtaani Naif, na Joha ataibeba pamoja na barua, maana amemaliza kununua nguo za duka lake la Mbeya na anarudi kesho.

Mwanao,
Gerishom


Mwambao wa Matema, Kyela
3 Desemba 2014

Mwanangu Gerishom,

Marahaba, baba. Pole. Pole sana, na kwa wote waliofikwa pole sana. Goti langu liache, leo si siku ya kuzungumzia goti.

Mtoto, kwa nini hukuniambia? Umeniandikia habari za kontena na Mkenya, ukanificha msiba. Unadhani mama yako haoni? Picha nimeiangalia na akina mama wote wameiangalia. Watu wamekaa nje kwa duara, wamevaa nguo nyeupe. Wanawake wako upande wao, wamevaa nyeusi. Katikati unawaka moto, na juu ya moto hakuna sufuria, hakuna chungu, hakuna hata hindi la kuchoma. Hakuna anayecheka. Na wewe umesimama ukutani umekunja mikono kama mtu wa kamati. Huo ni msiba. Amekufa nani? Ni mume wa huyo madam?

Nimewaambia kanisani tukawaombea, ingawa sijui jina la marehemu. Tumesema "yule wa Dubai", Mungu anajua. Nimempa Frida kimfuko cha mchele wa huku, Joha akisafiri tena atakuletea. Mpelekee mfiwa, umwambie umetoka kwa mama yako. Huwezi kwenda msibani mikono mitupu.

Nikuambie jambo moja, halafu nisilirudie. Kwa baba yako ulifika moto umeshazimwa na majivu yameshazolewa. Sikukulaumu, ndege si baiskeli. Lakini niliumia. Kwa hiyo nimefurahi kuona kwamba safari hii umekaa na wafiwa moto ukiwa bado unawaka.

Hicho chungu chenyewe kwenye picha sijakiona vizuri. Shingo naona nene mno.

Na ulinzi umeuacha. Kabla ya ulinzi hoteli, kabla ya hoteli Dar, kabla ya Dar Mbeya. Mtembezi hula miguu yake, baba.

Ni mimi mama yako


Discovery Gardens, Dubai
30 Desemba 2014

Mama,

Shikamoo. Krismasi njema iliyopita, na mwaka mpya ukukute na goti jipya. Mimi mzima kabisa, isipokuwa mbavu zinauma kwa kucheka.

Hajafa mtu! Wale walikuwa wageni wa Madam Sheikha, wamekuja kunywa kahawa. Mavazi meupe ndiyo mavazi yao ya kila siku, na mabaibui meusi vivyo hivyo. Hawakucheka kwa sababu Shem aliwaambia watulie picha isije ikaharibika. Barua yako niliisoma ndani ya gari, nikamtafsiria Shem, akaegesha gari pembeni ili acheke vizuri.

Lakini mchele ulifika, na mchele wa msiba haurudishwi wala hauliwi na mpeleka salamu. Nikaupeleka. Madam Sheikha alitoka mlangoni, nikamweleza kwa Kiarabu changu cha ghalani kwamba mama yangu ameona picha akadhani wamefiwa. Alicheka sana. Halafu akaupokea ule mfuko kwa mikono miwili. Akasema baba yake alifariki mwaka jana. Alikuwa mtu wa milimani, Hatta, na kila jioni ya baridi alikuwa akiwasha moto nje na kuukalia tu, bila kupika chochote. Ndiyo sababu amenunua Mjamzito. Akasema, "Mwambie mama nimeipokea pole yake, hata kama imechelewa."

Nikasema inshallah, ambalo halikuwa jibu.

Sasa nina shida, mama, na wewe ndiye mganga. Majiko haya yanapasuka. Moja lilialika siku ya kwanza tu, mwenye nyumba alilijaza kuni kama anachoma ng'ombe mzima. La Madam Sheikha nalo limepata ufa mdogo shingoni, kwa sababu mabomba yake ya kumwagilia bustani yanajifungua yenyewe jioni, na maji yalirukia udongo wa moto. Arbab anasema lawama ni zetu sisi tunaobeba. Wewe chungu kipya unakifanyaje kabla hujakiamini?

Mwanao,
Gerishom


Mwambao wa Matema, Kyela
22 Januari 2015

Mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo, goti ndilo lenye jambo. Mvua ni nyingi, kuchoma hatuchomi, tunafinyanga tu na kupanga ndani mpaka hakuna pa kupita.

Kwa hiyo hajafa mtu, na kanisa zima limeomba! Nimemwambia mchungaji. Amesema maombi hayaozi, yatamfaa huyo mzee wa Hatta. Msalimie sana binti yake. Lakini mimi bado sielewi. Moto usiopika kitu na usio wa msiba ni moto wa nini? Wamekaa wanauangalia ili ufanye nini?

Umeniuliza juu ya chungu kipya. Hayo si maneno ya mwanamume, lakini kwa kuwa utapigiwa kelele na huyo arbab wako, nitakuambia yale ambayo hata muuza sokoni anayajua. Kitu cha udongo hakishtuliwi. Tia mchanga chini, moto usilambe tumbo lenyewe. Moto wa kwanza uwe mdogo, wa mabua na karatasi, halafu uache ufe wenyewe. Kesho yake uongeze kidogo. Kesho kutwa kidogo tena. Usizime kwa maji hata nyumba ikiwaka. Na usiwe na haraka, Gerishom. Naandika neno haraka nikikuangalia wewe.

Hapo basi. Zaidi ya hapo usiniulize. Unaujua mwiko wa bibi yako. Kwetu mwanamume haingizi mkono kwenye udongo mbichi, na hawashi moto wa vyungu. Akiwasha, vyungu vyote vinapasuka, na mwenye vyungu anakaa mwaka mzima bila bahati. Umesahau nilivyokuchapa? Ulikuwa unaiba udongo wangu, unafinyanga ng'ombe, unawaficha chini ya kitanda. Niliwaponda wote. Mmoja nilimwacha kwa sababu pembe zake zilikuwa zimekaa vizuri, lakini hilo hukupaswa kulijua.

Ni mimi mama yako


Discovery Gardens, Dubai
6 Machi 2015

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, naomba na wewe uwe hivyo. Salamu zako zimefika.

Nimepasua Mjamzito.

Nilianza vizuri. Nilimwomba arbab anipe kona nyuma ya ghala niwe nayazoeza majiko moto kabla hayajapelekwa kwa watu. Alikubali shingo upande. Nikatia mchanga, nikawasha karatasi na mabua, nikauacha moto ufe. Nilifanya hivyo kwa majiko kadhaa na yote yakatulia. Nilikuwa nafika kazini mapema kuliko mwenye funguo. Shem akasema, "Wewe leo umeamka bila kulaani mtu, uko sawa kweli?" Nilikuwa sawa, mama. Tangu nitoke nyumbani sijawahi kukaa mahali pamoja asubuhi nzima bila kutazama mlango. Pale kwenye moto nilikaa.

Halafu likaja lile kubwa kuliko yote, lile lile lenye gumba ndani. Moto mdogo niliutia, nikaona unaenda vizuri, roho ikanipanda. Nikasema huyu anaweza. Nikaongeza kuni. Nikaongeza tena. Likapiga mlio, tumbo likafunguka mbele yangu. Arbab alikuja mbio, akasema khalas, basi, hakuna tena mambo ya moto, nirudi kubeba viti. Simlaumu. Uliniandikia na nikafanya kinyume.

Kigae kimoja nilikichukua, kile chenye alama ya gumba. Nakitumia kama sahani. Mfinyanzi hulia gaeni, si ndivyo mnavyosema? Na kwenye karatasi zilizokuja na kontena kuna picha ya mtu anayefinyanga majiko haya huko kwao. Ni mwanamume, mama. Mwanamume mwenye sharubu, ameingiza mikono yote miwili kwenye udongo mpaka kwenye viwiko, na jua linamwakia kama kawaida.

Kwa hiyo nauliza, na najua unachukia ninavyouliza. Nirudi nyumbani unifundishe. Frida hataki, ana kazi yake ya saluni na kucha zake. Wewe goti halitaki. Nikae nawe, nichimbe udongo, nifinyange, nichome. Nimezunguka kote huku nikidhani natafuta kazi. Kumbe kazi niliichapiwa nikiwa mtoto.

Nijibu upesi.

Mwanao,
Gerishom


Mwambao wa Matema, Kyela
29 Machi 2015

Gerishom,

Marahaba. Mimi mzima.

Jibu ni hapana. Bibi yako alikatazwa na mama yake, na mimi nilikatazwa na bibi yako, na sitakuwa mimi wa kuvunja eti kwa sababu ya sharubu za mtu wa Meksiko. Wao wana miiko yao, wakae nayo.

Tena unasema uchome. Umechoma kimoja kimepasuka. Na usiseme ni udongo, kwa sababu moto ule ulikuwa wa kwako. Udongo upatize ungali maji, baba. Wewe umeshakauka.

Kama unataka kuja kunisalimia, njia unaijua. Kama unakuja kwa sababu umechoka na ghala, kama ulivyochoka na mlango na hoteli, basi kaa hukohuko uchoke vizuri.

Mama


Discovery Gardens, Dubai
10 Mei 2015

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi mzima.

Barua yako niliipata. Niliisoma mara moja nikaikunja. Sina neno juu yake ila hili moja: sikuwa nimechoka na ghala. Ndicho kitu pekee kwenye barua yako kilichoniuma, mengine ni ya mama na mtoto.

Joto limeanza. Majiko hayanunuliwi tena, tumeyafunika maturubai. Andika hata mstari mmoja wa goti.

Gerishom


Discovery Gardens, Dubai
20 Julai 2015

Mama yangu,

Shikamoo. Sijui nikujulie hali vipi mtu asiyenijibu. Joha anasema barua anamkabidhi Frida mkononi, na Frida anasema anazileta mwenyewe, anakukuta unafanya kazi zako, unazipokea unaziweka mfukoni. Kwa hiyo u mzima. Namshukuru Mungu kwa kiasi hicho.

Idi imepita juzi. Tulipumzika, nami sikupumzika. Chumbani tumejaa, kila mmoja na pazia lake, na mtu akigeuka kitandani sote tunajua. Nje hakuendeki, upepo wenyewe unaunguza. Nikavaa viatu nikawa napanda na kushuka ngazi za jengo. Shem akaniambia, "Bro, keti chini, unanichosha hata mimi mwenye nimelala." Nikakaa. Nikasimama tena.

Kuna kazi nimepewa. Huko Hatta milimani wanafungua kambi ya watalii, watu wanakuja kulala kwenye mahema kipindi cha baridi. Wanataka mtu wa kuwasha moto wa nje kila jioni na kuutunza. Madam Sheikha ndiye aliyenitaja kwao, aliwaambia kuna kijana anaujua moto. Hajui habari za lile kubwa nililopasua. Mkataba ni miaka miwili, na wanataka nitie sahihi kabla ya mwisho wa mwezi wa tisa. Katika miaka hiyo likizo ni mara moja tu, tena wakipenda wao.

Nilikwenda kupaona. Ni pazuri, mama. Kuna milima kama ya kwetu, ila haina jani. Nilisimama pale nikafikiri, hapa nitatulia. Halafu nikakumbuka kwamba ndivyo nilivyofikiri Dar, na hotelini, na mlangoni.

Nitatia sahihi. Nakuambia mapema ili usisikie kwa watu. Ningependa kusikia sauti yako kwenye karatasi kabla ya hapo, hata ukinitukana.

Mwanao,
Gerishom


Mwambao wa Matema, Kyela
30 Agosti 2015

Mwanangu Gerishom,

Marahaba, marahaba, na zile za nyuma zote marahaba. Mimi mzima. Barua zako zote mbili nilizipata. Sikuwa mgonjwa, nilikuwa na hasira, na hasira ya mtu mzima hukaa sana kwa sababu haina pengine pa kwenda.

Uliandika kwamba hukuwa umechoka na ghala. Nimekujua tangu tumboni na sijawahi kukusikia ukisema hujachoka na kitu. Nikatoa ile picha ya msiba, nikaibandika ukutani kwa uji. Nikasema, ngoja nikione hicho kinachomkalisha mwanangu asubuhi nzima.

Mvua zilipokwisha nikaanza kukifinyanga. Usicheke. Cha kwanza shingo ilikiangukia tumboni, ilikuwa nzito, nilikuambia ni nene mno. Cha pili kilisimama vizuri, nikakisugua kwa jiwe, nikarudi nyuma kukitazama, kumbe ni chungu! Mikono yangu ilikuwa imefunga tumbo na kuweka mdomo juu bila kuniuliza. Imefinyanga vyungu maisha yake yote, haijui kutoboa mtu tumboni. Nilikaa chini nikacheka peke yangu mpaka kuku wakakimbia. Cha tatu nilikitoboa kikiwa bado kibichi nimefumba jicho moja, na hicho ndicho kilichobaki.

Kinanifika kifuani. Kiko uani chini ya banda, kimekauka, kigumu. Nimekijenga kikubwa mno, hakuna mwanamke hapa wa kukibeba hadi ufukweni tunakochomea. Kitachomwa papo hapo kilipo, moto mdogo ndani kwanza siku mbili tatu, halafu nyasi na mabua kukizunguka nje.

Sasa kuhusu kuwasha. Niliwaita akina mama. Severina ndiye mkubwa wetu, mwiko ameupokea kabla yangu. Alikizunguka, akauliza, "Kinapikiwa?" Tukasema hapana. "Kinatekewa maji?" Hapana. "Kinawekewa pombe?" Hapana. Akasema, "Basi hiki si chungu. Mwiko wa mama zetu ni wa vyungu." Wote wakakubali. Nikuambie ukweli, Severina alisema hivyo kwa sababu nilimpelekea ndizi na samaki siku moja kabla na kumwomba aulize hivyo. Lakini amesema, na akisema Severina limesemwa.

Vyungu sitakufundisha. Nikikufundisha vyungu bibi yako atanitokea. Lakini hivi vya Meksiko havina bibi hapa. Udongo wake utachimba, utafinyanga, utachoma, na mtu akiuliza, umwonyeshe picha ya yule mwenye sharubu.

Nilikuandikia kwamba umeshakauka. Nilisema vibaya. Kitu kikishakauka ndipo kinapofaa kutiwa moto. Hilo nalijua tangu msichana, hasira ndiyo ilinisahaulisha.

Na sasa neno langu lenyewe. Kule nyuma nilikuuliza moto usiopika kitu ni wa nini. Nimekaa mbele ya hili tumbo tupu jioni nyingi, nimepata jibu. Ninyi watoto mnaujua moto mmoja tu wa kuwarudisha nyumbani. Siku nikifa utawashwa hapa uani, Frida atakuja, wewe utakuja, labda utaukuta, labda utakuta majivu kama kwa baba yako. Mtaukalia, mtanisifu, na mimi sitakuwepo. Huo moto siutaki. Nataka huu. Nataka niukalie mwenyewe nikiwa hai, goti langu likipata joto, na wewe umekaa upande wa pili hutazami njia. Yule mzee wa Hatta alikuwa anajua. Aliukalia wa kwake mwenyewe.

Mvua za kwanza huja mwezi wa kumi na moja. Hili tumbo bado halijachomwa, na banda linavuja. Likinyeshewa ni tope. Mimi sitaliwasha, na hakuna mwingine atakayeliwasha.

Huko Hatta watalii watapata wa kuwawashia. Usinijibu barua hii. Nikiona barua inafika badala yako, nitaiwashia moto.

Ni mimi mama yako


Uwanja wa ndege, Dubai
27 Septemba 2015

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, na wewe nitakuona mwenyewe.

Najua ulisema nisijibu. Lakini barua hii haina Joha wala Frida. Iko mfuko wa shati, na mimi ndiye ninayeibeba.

Karatasi ya Hatta sikuitia sahihi. Nilimwendea Madam Sheikha kumwomba radhi kwa kumwangusha. Aliniuliza mama yangu ana hali gani, nikamweleza habari za tumbo la uani. Akasema, "Nenda. Mimi nilikuwa hapa, mwendo wa gari tu, na bado nilichelewa." Arbab alinipa pasipoti yangu, akasema khalas. Shem amenibebea begi mpaka kwenye teksi akilalamika lina mawe. Ni kigae tu kile chenye gumba. Nataka ukiweke mahali uonavyo.

Siahidi kwamba nitatulia, mama. Nimekaa hapa kwenye kiti na nimeshasimama mara kadhaa kwenda kuangalia kama geti limehama. Nakuahidi kufika, na safari hii nitaukuta.

Ulisema moto wa kwanza uwe mdogo, wa mabua na karatasi. Mabua yako kwako. Barua zako zote ninazo, na hizo sizitoi. Hii nitakupa mkononi. Ukimaliza kuisoma, nirudishie niwashie moto.

Mwanao,
Gerishom